Kioo Kisichouma Mgongo

Obedi, ndugu yangu,

Nimejaribu kuianza barua hii kwa salamu nikashindwa. Nina hasira na wewe. Ungekuwa hai ningekupigia simu, nikakutukana mpaka salio liishe, halafu jioni tungekunywa chai pale karakana na mambo yakaisha. Sasa umelala Iyula pembeni ya mibuni ya baba yako, na mimi nimebaki na maneno yote mdomoni.

Unajua siku ya mazishi mchungaji aliniita niseme neno kwa niaba ya marafiki. Mimi na kusimama mbele za watu hatupatani, lakini nilisimama. Nikasema kwamba mimi nilichora nyumba na wewe ukazifungia vioo, na katika miaka yote ile hukuwahi kunidanganya. Nilisema hivyo mbele ya mkeo na mama yako, watu wakaitikia amina. Mama Rehema, mteja wetu, alikuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa na wafanyabiashara wenzake wa Tunduma, ameshika ncha ya mtandio machoni. Nilimwona vizuri kabisa.

Nikupe habari kwanza. Mkeo amefungua karakana tena. Jina lako bado liko juu ya mlango, amelipaka rangi upya. Kahawa imezaa sana, ndugu zako wako shambani wanachuma. Na mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, nilikwenda Tunduma kumsalimia Mama Rehema.

Unaikumbuka nyumba ile kuliko mimi. Mama yake, Bibi Mwanaidi, macho yalikuwa yameshaishiwa nguvu, na katika nyumba yao ya zamani alikuwa kila siku anajigonga kwenye pembe za kuta. Nikaamua kuchora nyumba isiyo na pembe. Ukuta wa mbele unapinda, mlango wa kioo unapinda nao, na juu balkoni imetokeza kama tumbo la mtungi, imezungukwa na kioo kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Wewe uliutazama mchoro ukacheka. "Injinia, wewe unachora tu, mimi ndiye nitakayelia." Uliniita Injinia kunikera, maana ulijua chuo chenyewe sikumaliza. Lakini uliipenda nyumba ile. Ulisema Bibi atapitisha mkono kwenye kioo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukutana na kona.

Basi nilimkuta Bibi juu, ameketi kwenye kigoda anaota jua, mgongo ameuegemeza kwenye kioo. Nikamwamkia. Akaniitikia, akanishika mkono, akaanza kukuombea rehema. Kisha akasema, "Kioo cha yule fundi wenu kina huruma. Kile cha mlangoni kinauma kama barafu, lakini hiki hakiniumi mgongo."

Nikaweka kiganja. Hakikuwa na baridi. Asubuhi ile, Obedi, pumzi ilikuwa inatoka mdomoni kama moshi, na kioo hakikuwa na baridi. Nikakigonga kwa kidole, kikatoa sauti ya ndoo. Nikainama kutazama zile bolti za chini. Kuzunguka kila tundu palikuwa na nyufa nyembamba, nyembamba kama nywele, zinapanda kuelekea pale Bibi alipoegemea.

Plastiki. Ulimfungia Bibi Mwanaidi plastiki.

Nilimwambia twende ndani tukanywe chai, nikamshika mkono kumwinua. Yeye alidhani namsaidia kwa sababu ya macho. Kumbe nilikuwa namwondoa kwenye ule ukingo.

Njia nzima ya kurudi kwetu Vwawa nilikutafutia sababu. Nilisema labda nawe uliuziwa bila kujua. Kisha nikaukumbuka ule moshi. Wakati wa ujenzi ule nilikukuta karakana umefunga milango, unavuja jasho, ndani kunanuka kama beseni lililoungua. Ulisema unachoma gundi ya zamani. Nikakuamini, nikakaa nje kukusubiri. Kumbe ulikuwa unaikunja plastiki.

Nilipofika nyumbani nikapanda moja kwa moja kwenye balkoni yangu, ile uliyonifungia kama zawadi, ukakataa hata soda. Nikaweka kiganja. Baridi ilinipanda mpaka kwenye kiwiko. Kilikuwa kioo, kioo chenyewe, kizito, kilichochomwa kiwandani Dar kikakunjwa kwa kipimo. Nikafurahi kidogo, kwa upumbavu. Halafu nikajiuliza kwa nini.

Nakumbuka balkoni yangu uliitaka ijengwe kinyumenyume. Mwashi alikuwa tayari kumwaga zege, ukamzuia. "Kioo kije kwanza, zege litakifuata." Nilidhani ni ufundi mpya. Kesho yake nilikwenda karakana, nikakitafuta kile kipande cha plaiwudi tulichokikata kule Tunduma ili kiwanda kipate mkunjo wa balkoni ya Mama Rehema. Kilikuwa nyuma ya mlango. Nilikitambua, kona yake niliivunja mimi kwa kukikalia, ukanisema siku nzima. Nikakibeba, nikakiweka kwenye kioo cha nyumbani kwangu. Kikakaa kama mfuniko kwenye sufuria yake.

Ulipima kabla ya plasta na marumaru. Ndivyo ilivyokuwa, sivyo? Kioo kikaja, ukuta umeshanenepa, mkunjo haukubali. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kioo kikishakunjwa na kuchomwa hakikatwi, hakinyooshwi. Ungeniambia! Ningekuzomea, kisha tungekwenda pamoja kwa Mama Rehema kuomba radhi. Ningesema nimekosea mimi kuchora. Ningesema, wallahi. Lakini ulichukua kioo cha Bibi ukakizungushia watoto wangu, na Bibi ukampa kitu cha kung'aa. Maana yake ulijua. Ulijua kipi kinashika mtu na kipi hakishiki, ukachagua wa kuwapa.

Kinachoniuma zaidi ni pale hospitali, siku zako za mwisho. Ulipata pumzi ya kuniomba chai ya tangawizi. Ukapata pumzi ya kuuliza Simba wamecheza vipi. Nilikaa kwenye lile benchi kando ya kitanda chako, na hukupata pumzi ya kusema, ndugu yangu, mwondoe yule bibi pale juu.

Nimemwambia Mama Rehema. Nilidhani atapiga kelele, lakini alikunja mtandio wake, akasema, "Mama yangu anamwombea kila alfajiri." Basi. Afadhali angenipiga.

Plastiki yako nimeifungua kwa mikono yangu. Ile sehemu ya katikati ilikatika wakati nainyanyua tu. Kisha nikafungua kioo changu. Watoto wameuliza mengi, nimewaambia kilikuwa cha mtu. Mwashi amekata ukingo wa balkoni ya Bibi na kumwaga zege upya kufuata kioo, kama ulivyofanya kwangu. Sasa mimi ndiye niliyepigilia mbao kwenye balkoni, nyumba yangu inaonekana kama banda la kuku. Wateja wakiuliza nawaeleza. Na kila nyumba uliyoifungia kioo napanda kuweka kiganja, asubuhi, wakati wa baridi. Mpaka sasa vioo vyote vinauma. Nafarijika, halafu nakasirika tena.

Bibi amerudi kwenye kigoda chake. Siku ya kwanza alipoegemea alishtuka, akalalamika kwamba tumemharibia kioo chake, akaagiza blanketi. Hatujamwambia. Bado anakuombea, sina ubavu wa kumkatiza.

Mkeo naye anajua. Alilia, akaniomba hata hivyo nizungumze tutakapokuja kujengea kaburi lako. Nimekubali. Nakuahidi nitakuja, nitabeba saruji begani kama ndugu. Nitasimama nitasema kwamba nilikupenda, na hilo ni kweli, na ndilo linaloniumiza hivi. Ile sentensi nyingine ya siku ya mazishi sitairudia. Watu wakiingoja, waingoje.

Lala, Obedi. Bibi hawezi kuanguka tena.

Mimi, uliyeniita Injinia.