Waya wa Mafuta wa Pikipiki ya Shemeji

Karatu, 9 Agosti 1983

Dada Leonida,

Mama hajambo, mbaazi zimestawi. Barua hii anakuletea Lusia mkononi.

Jana mumeo alileta pikipiki gereji. Akiachia mafuta, injini haitulii, inazidi kunguruma. Kabureta ilikuwa safi. Waya wa mafuta ndio uliochanika nyuzi, unakwama. Nikiwa naufungua, akanisimulia huku akicheka alivyokung'oa meno kwa ngumi. Nilitamani kumpasua kichwa kwa spana.

Kila mteja humfungia kipuri kibovu kwenye gazeti, aone kazi imefanyika. Yeye nilimfungia ule waya mpya aliokuja nao, nimeupaka oili chafu. Mbovu nimeurudisha kwenye pikipiki na grisi. Utateleza siku mbili tatu.

Jumapili akikuita mwende kanisani, uteremke mlima kwa miguu.

Kaka yako,
Tluway