Kompyuta Haihesabu Mapaja

KITUO CHA POLISI, KIWANJA CHA NDEGE
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: mtoto mchanga aliyekutwa ndani ya ndege bila mzazi
Shahidi: mwanamume, miaka hamsini na tatu; jina kamili limo kwenye jalada, kazini huitwa Fundi Waya
Kazi: fundi wa lifti
Makazi: nyumba za reli, nyuma ya soko la mbao, katika mji ambako safari ilianzia

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu zote, ila nina njaa na nina mtoto wa mtu mkononi. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Sawa. Naomba na kampuni ya ndege ionywe hivyohivyo.

Mnamo tarehe kumi na nne ya mwezi huu, siku ya Jumanne, yaani leo, nilipanda ndege ya saa tatu asubuhi kuja mji huu. Mwajiri wangu alinituma kutengeneza lifti ya jengo la ghorofa tisa iliyokwama tangu wiki iliyopita. Ndege yenyewe ni ndogo, viti viwili huku na viwili kule. Nilikaa safu ya kumi na saba, dirishani.

Kiti cha pembeni yangu alikuja kukaa mama mmoja kijana mwenye mtoto wa kike wa miezi saba. Mtoto huyo mama alimwita Bonge, na ukimtazama, afande, utaona hakumsingizia. Nikamtania, "Huyu naye amelipa nauli?" Akacheka, akasema, "Huyu anasafiri bure, kaka. Kiti chake ni mimi." Aliniambia anampeleka kwa bibi yake, mama yake mzazi, ambaye hajawahi kumtia mjukuu machoni. Akamnyonyesha, akampigapiga mgongoni mpaka akacheua, kisha akavua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, akavisukuma chini ya kiti cha mbele. Vilikuwa viatu vyeusi vya kamba. Naomba viatu hivyo viandikwe, nitavieleza.

Abiria wote walikuwa wameshaketi. Akaja mfanyakazi wa kampuni, amevaa koti la manjano, ana redio kiunoni na karatasi mkononi. Akainama kwa yule mama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, tunakuomba mbele mara moja. Kuna kitu cha kurekebisha kwenye tiketi yako." Mama akauliza, "Nije na mtoto?" Yule akajibu, "Ni dakika moja tu, mwache hapo." Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu yote mawili. Hakuna aliyeniambia.

Mama akanigeukia. Akasema, "Kaka, nishikie, nakuja sasa hivi." Akaniwekea mtoto mapajani, akaenda mbele na soksi zake. Mkoba wa nepi aliuacha. Viatu aliviacha. Na simu yake niliiona mfukoni mwa kiti.

Hazikupita dakika tano, akaja bwana mmoja mwenye shati jeupe la kampuni hiyohiyo, lenye mistari mabegani, akakaa kwenye kile kiti. Nikamwambia, "Hapo kuna mtu." Akasema, "Nimepewa hapa, mzee," akanionyesha karatasi yake. Baadaye nilijua kwamba ni rubani aliyekuwa anawahi ndege nyingine huku. Nikamwambia tena, "Mwenyewe yuko mbele, anarekebishiwa tiketi." Akafunga mkanda. Nami nikasikia mlango wa ndege ukifungwa.

Afande, mimi nimeishi na lifti miaka ishirini na saba. Lifti ikizidiwa inapiga kelele, haiendi kokote, na aliyeingia mwisho anatoka mwenyewe kwa aibu yake. Hapa aliyeingia mwisho ndiye aliyekaa, na aliyekuwa ndani zamani ndiye aliyetolewa.

Nikabonyeza kengele ya kumwita mhudumu. Akaja dada mmoja anahesabu watu kwa kile kidude cha kubonyeza. Akatuhesabu mimi na rubani, akamtazama mtoto, akaniletea mkanda mdogo wa kumfungia. Nikamwambia, "Huyu mtoto si wangu." Akacheka kabisa, akasema, "Wababa wote husema hivyo wakishapewa mtoto anayelia." Watu wa safu ya nyuma nao wakacheka. Nikarudia kwa ukali kwamba mama yake amebaki nje. Akasema hesabu imekamilika, watu wazima wametimia na watoto wametimia, niketi, ndege inaondoka. Na kweli ilikuwa imetimia. Mama katoka, rubani kaingia, mtoto yumo. Ukihesabu vichwa huoni kosa.

Ndege ikaanza kutembea. Nikatazama dirishani. Nikamwona yule mama anakimbia kwenye lami, soksi tupu, mtandio umemwanguka, na walinzi wawili nyuma yake. Alifika karibu na bawa, wakamkamata, akaanguka. Alikuwa anapiga kelele, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa wazi, lakini ndani ya ndege hatukusikia kitu.

Hapo nilisimama. Nakiri nilipiga kelele na maneno mengine hayakuwa mazuri, mhudumu anaweza kuyaleta yote, sitayakana. Mhudumu mwingine, mwanamume, akaniambia nisipokaa nitashitakiwa kwa kuhatarisha safari. Nilikuwa tayari kushitakiwa. Lakini ndege iligeuka, ikaanza kunguruma, mtoto akanishika sikio kwa nguvu, nikaogopa akiniponyoka ataumia. Nikakaa. Nilikaa kwa ajili ya mtoto tu, na tangu pale sijisikii vizuri.

Yule rubani aliyekaa pembeni yangu alikuwa amekwisha kuelewa. Aliangalia viatu miguuni pake, akaangalia mkoba, akabadilika uso. Taa ya mikanda ilipozimwa akaenda mbele kuzungumza na mwenzake. Alirudi anatazama sakafu. Alisema wameamua kuendelea, mambo yatarekebishwa tukishuka. Akasema, "Mzee, samahani." Nikamwambia samahani hainyonywi.

Safari ni saa moja na robo, lakini kwangu ilikuwa siku nzima. Mtoto alilia. Walileta maziwa ya kopo kwenye chupa ya abiria mmoja mwenye huruma, mtoto akafunga mdomo, akageuza shingo. Wakajaribu kijiko, akatema. Mimi nina watoto wanne, ila sikufichi, nilikuwa baba wa kumbeba mtoto anayecheka. Akianza kulia namrudisha kwa mama yake. Leo hakukuwa na wa kumrudishia. Nilimtajia ghorofa, maana sijui nyimbo. "Tunapanda ya kwanza, mlango unafunguka. Tunapanda ya pili." Tukifika ya tisa alikuwa ananyamaza kidogo, kisha tunashuka. Alikuwa ananyonya kifungo cha shati langu. Yule rubani alijifunika uso kwa gazeti, nadhani alikuwa analia, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Tulipotua, askari wawili waliingia wakanitoa wa kwanza. Abiria wale waliocheka sasa walikuwa wananitazama kama mwizi wa watoto. Niliwekwa chumba cha mizigo iliyopotea karibu saa nzima, naulizwa nimempata wapi mtoto huyu na nilikuwa nampeleka wapi. Nilijibu kilekile ninachojibu sasa.

Saa sita mchana akaja meneja wa zamu wa kampuni, bwana mwenye tai, na ndiye niliyemsikia akikwambia, afande, kwamba yule mama alikubali kushuka kwa hiari, akaahidiwa fidia na hoteli, kisha akamtelekeza mtoto na kufanya fujo uwanjani. Akaomba jalada liandikwe hivyo, "mtoto aliyetelekezwa". Nilimwuliza mbele yako, kwa nini ashushwe yeye? Akajibu bila haya kwamba tiketi zilizouzwa zilizidi viti, ilibidi rubani wao apate nafasi, na mfumo ukamchagua abiria anayesafiri peke yake mwenye tiketi ya bei ya chini. Nikasema, "Peke yake? Na huyu?" Akasema, "Mtoto wa kupakatwa hana kiti, kwa hiyo mfumo haumwoni. Kompyuta inahesabu viti, mzee, haihesabu mapaja." Alikuwa ananifafanulia, kama vile mimi ndiye niliyeshindwa kuelewa.

Sasa nieleze viatu. Mtu anayeshuka kwenye ndege kwa hiari yake anavaa viatu. Anachukua mkoba, anachukua simu. Mama anayekimbia soksi tupu kwenye lami mpaka chini ya bawa, huyo amemtelekeza nani? Viatu hivi hapa juu ya meza, ndivyo shahidi wangu.

Jambo jingine. Kule tulikotoka, kwenye ukumbi wa kusubiri, kuna bango kubwa la haki za abiria. Nililisoma lote kwa sababu sikuwa na gazeti. Linasema ndege ikizidiwa, abiria waulizwe kwanza nani yuko tayari kubaki kwa kulipwa, na wenye watoto wachanga na wagonjwa wawe wa mwisho kuguswa. Mimi nilikuwa pale tangu saa mbili kasoro. Hatukuulizwa, si kwenye kipaza sauti, si ndani ya ndege. Ningeulizwa ningeshuka. Lifti yangu imekwama wiki nzima, isingekufa kwa kukwama siku moja zaidi.

Saa tisa alasiri, kwa ruhusa yako, nilizungumza na yule mama kwa simu ya kituo. Yuko mahabusu kule, anasubiri kujulikana kama ni mhalifu. Sikumsikia akilia. Aliuliza jambo moja tu, "Amekula?" Nilitaka kudanganya. Nikasema, "Hajakula, mama. Nimejaribu kila kitu."  Kisha akasema, "Yeye hajui chupa, kaka. Na mimi hapa maziwa yanamwagika tu, nguo yote imelowa, nimewaomba kitambaa." Mtoto alisikia sauti yake, akaacha kulia, akawa anaitafuta nyuma ya simu. Nikakurudishia simu.

Mkuu wa kituo cha kule amesema akipata maelezo ya shahidi aliyekuwepo atamwachia leo hii. Basi haya ndiyo hayo. Yatume sasa, uniache nisaini baadaye kama inawezekana. Dada wa ustawi wa jamii yuko nje na gari, anataka kumpeleka mtoto nyumba ya watoto mpaka kesho. Ni mtu mwema, hana kosa, lakini simpi. Meneja naye amenipa tiketi ya bure ya kurudi. Nimemwachia juu ya dawati lake.

Mtoto huyu sasa halii tena. Nilidhani ameshikwa na usingizi, kumbe amechoka. Analegea, midomo imekauka, kila nikimwinua kichwa kinarudi begani. Nimefanya kazi juu ya mashimo ya ghorofa ishirini nikining'inia kwa mkanda mmoja, na sijawahi kuogopa kama ninavyoogopa hivi sasa. Umetoka nje mara tatu alipokuwa analia, afande, sikukuuliza kwa nini. Nakuomba, kama kuna mtu yeyote unayemjua, fanya lolote.

Niliyoyaona ndiyo hayo, sikuongeza wala sikupunguza, na kokote nitakakoitwa nitayasema tena.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

MAELEZO YA ASKARI MWANDISHI

Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea, akakiri kuwa ni sahihi. Amesaini kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa na mtoto.

Nakala imetumwa kituo cha kule safari ilikoanzia saa kumi na dakika tano. Saa kumi na moja kasorobo tumejulishwa kwamba mama ameachiwa bila shitaka. Kampuni imejibu kuwa ndege ya jioni imejaa. Mama amepanda basi. Anatarajiwa kufika kesho alfajiri. Afisa ustawi ameafiki mtoto abaki kituoni.

Saa kumi na moja na nusu, baada ya muuguzi wa zahanati ya kiwanja kumpima mtoto na kutoa ushauri, nilimpigia mama kwa simu ya kondakta, nikamweleza hali na kumwomba ruhusa. Aliniuliza mtoto wangu ana umri gani. Nikamjibu miezi mitano. Akasema, "Mpe, dada yangu."

Mtoto amenyonya pande zote mbili. Amelala.

Koplo wa zamu, dawati la wanawake na watoto