Tufani Anapiga Hodi

Jumatatu, baada ya isha

Kosa ni langu, wala sitalificha humu. Wiki tatu nimemfundisha Tufani, punda wetu mdogo, kuvuta mkokoteni akiwa amefungwa ubavuni mwa mama yake, tunapozungusha maji majumbani hapa Garsen. Leo nimemfunga peke yake kwa mara ya kwanza. Akasimama kwenye kila lango tunaposhushaga mitungi. Kila lango! Na mkokoteni mtupu.

"Dada, punda wako anapiga hodi," kaka Hamisi akasema, akicheka mbele ya watu. Nilikasirika hadi...

Basi. Vuli ikianza, udongo huu mweusi utanasa magurudumu, na mama yake Tufani amezeeka, hayawezi matope peke yake. Naogopa siku hazitatosha. Lakini kesho nampitisha njia ya shambani, ambako hakuna lango hata moja. Atashika. Namjua.

Leo pale langoni Hamisi alitaka kumharakisha, akainua fimbo. Tufani akanyoosha shingo, akainusa, akatulia.

Hajui fimbo ni ya nini. Hilo nalo nimemfundisha mimi.