Usipande Kisichopanda Lori

Mpendwa Data,

Natangaza rasmi, mbele ya kuku tisa na bata mmoja asiyehusika, kwamba Jumamosi hii saa tatu asubuhi mwaridi wa mama utatolewa kwenye debe na kupandwa ardhini, hapa hapa Kasokola, mbele ya mlango. Wenye pingamizi walete kwa maandishi. La kwako halina haja ya kuandikwa, nalijua kwa moyo.

Siku hizi nikikuita "Data" kwa Kirundi chetu, wajukuu zako wanauliza kama nimeishiwa bando. Nawajibu ndiyo, niliishiwa mwaka juzi, siku tulipomzika baba yangu.

Sheria yako ilikuwa moja: usipande kisichopanda lori. Ulitoka Burundi ukiwa mgongoni mwa bibi, ukahamishwa mara mbili kabla hujaota ndevu, basi kwako ardhi ilikuwa kitu cha kuazima. Mihogo ruksa. Maharage ruksa. Mwembe, hapana. Mji wenyewe unaitwa Mpanda, na wewe ukatukataza kupanda.

Mama alikutii kwa namna yake. Alijaza baraza maua kwenye madebe, kwenye madumu yaliyokatwa nusu, kwenye sufuria zilizotoboka, hata kwenye buti lako la mvua la kushoto. Ulipofoka alikujibu taratibu, "Baba Yoramu, yote haya yanapanda lori. Jaribu kubeba." Hukujaribu.

Na mimi nakumbuka mwezi ule mama alipolazwa. Nilikukuta alfajiri umeinama barazani na kata ya maji.

"Data, unamwagilia maua?"

"Namwagilia mihogo."

Mihogo ilikuwa nyuma ya nyumba. Nikakupisha, ukamimina, mwaridi ukanywa.

Karatasi za uraia zilipokuja ulivaa koti, ukapiga picha, kisha yako ukaifunga kwenye nailoni na kuilaza sandukuni chini ya shuka. Mama akauliza kama sasa anaweza kuyatoa maua kwenye madebe. Ukasema, "Ngoja kwanza." Akangoja mpaka akafa. Ukafa na wewe. Madebe yameendelea kupangana ukutani kama abiria wa stendi.

Jumatatu alikuja jirani, Mama Tatu, kuomba chumvi. Akayatazama madebe, akanitazama mimi.

"Mama Neema, kumbe nyie mnahama?"

"Nani kakwambia?"

"Si naona mmeshatoa mizigo nje."

Hakuwa na ubaya, alikuwa na chumvi yangu mkononi. Lakini Data, mimi nimezaliwa huku. Nimezalia huku watoto wanne. Kuulizwa safari nikiwa mlangoni kwangu, nimevaa kanga ya ndani, kulinichoma. Siku hiyo hiyo nikanoa jembe.

Kaka Yoramu alipopata habari alifunga duka lake Kashaulili akaja mbio na bodaboda.

"Wewe, unavunja neno la mzee?"

"Mzee alikataza mwembe. Huu ni mwaridi."

"Usinichezee maneno. Na kesho wakisema tuondoke?"

"Nitawapa viti wakae, nikawatolee karatasi yako na yangu. Wasome polepole, mimi nachemsha chai."

"Ngoja kwanza, bwana."

"Neno hilo lirithi wewe. Mimi nimerithi jembe."

Akacheka bila kupenda, unavyocheka wewe, kwa pua.

Sikuandikii kuomba ruhusa. Woga wako ulitufikisha salama, na kila mlo nilioula utotoni ulitoka kwenye woga huo, nashukuru. Ila siwezi kukaa barazani kwangu kama mtu anayesikilizia honi. Nataka kitu changu kimoja ambacho, wakitaka kukiondoa, itabidi watoke jasho. Na huu ni mwanzo tu: mvua zikishika, napanda mwembe. Watu wanasema maua yanaleta nyoka. Na waje, angalau wao hawataniuliza nahama lini.

Haya yote niliyaandika Alhamisi. Leo ni Jumamosi, jioni, na nimeshaoga udongo. Wewe pumzika na mama huko mliko, na msifunge mizigo.

Nilichimba shimo kubwa la kumtosha mbuzi. Mama Tatu alileta samadi na kiti cha kutazamia. Yoramu aliyekuja kunizuia ndiye aliyeshika debe upande wa pili, tukahesabu moja, mbili, tatu, tukainua. Bati likabaki mikononi mwetu. Mwaridi haukutikisika. Debe lile halina kitako. Kutu ilikimaliza miaka mingi iliyopita, na mzizi mnene kama kidole gumba ulikuwa umeshaingia ardhini.

Binti yako,
Mama Neema