Driciru, Walikimbia kwa Jina Lako

Driciru wangu,

Nilitaka kukuandikia mapema, lakini kila niliposhika kalamu hasira ilinifanya niichane karatasi. Sasa imepungua kidogo. Haijaisha, ila angalau naweza kuandika.

Mwaka huu zile mbio za usiku za kupokezana kijiti, kutoka Vurra mpaka Koboko, zimekimbiwa kwa heshima yako. Ndiyo, wewe. Kapteni wetu Feta alikwenda mwenyewe kuwaomba waandaaji. Kisha akachapisha fulana nyeupe zenye uso wako kifuani, na chini ya uso jina lako limeandikwa "Dirichuru." Nilipomwonyesha, alisema watu wataelewa tu. Mtu amekuwa kapteni wako miaka yote ile na hajui jina lako linavyoandikwa! Akatuvalisha timu nzima ujinga wake, tukapigwa picha.

Najua unakumbuka alivyokutoa kwenye timu. Ilikuwa pale uwanjani Pajulu, baada ya mazoezi, wote tumesimama. Wewe umeinama, umeshika magoti, pumzi haitoki. Akasema, "Huyu anajiendekeza. Timu haibebi mtu." Kumbe moyo ulikuwa umeanza kukushinda na hakuna aliyejua, hata wewe mwenyewe. Ulivua namba yako, ukaikunja vizuri, ukampa kwa mikono miwili. Mikono miwili, Driciru! Heshima ile inaniuma mpaka leo. Ningekuwa mimi ningemtupia usoni.

Lakini naongopa. Mimi nilikuwepo, na sikusema neno. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Kamba haikuwa imefunguka.

Ulipokufa, Feta alilia kaburini Logiri kwa sauti kuliko mama yako. Akamwambia mama kwamba ulikuwa unapumzika tu, kwamba nafasi yako ilikuwa inakungoja. Mama akamshika mkono akamshukuru. Nikamwona huyo mwanamume akiinamisha kichwa, anapokea shukrani kama mtu anayepokea chai.

Basi nikuambie mbio zilivyokwenda.

Tulianza Vurra saa nne usiku. Kabla ya kuanza kulikuwa na mgeni wa heshima, akazungumza juu yako muda mrefu, akasema ulikuwa mama mwema wa watoto. Watoto gani? Wewe uliyekuwa ukisema mtoto wako ni baiskeli. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasogea pembeni nikala muhogo wangu na odii, ile siagi ya ufuta, vile tulivyokuwa tunakula sisi wawili kabla ya kukimbia, na kwa mara ya kwanza hukuwepo wa kuniambia nimepaka nyingi mno, nitakimbia na tumbo linacheza.

Feta alijipa kipande cha nne, kutoka Ovujo mpaka Maracha. Kipande chako. Alisema atakikimbia kwa machozi. Mimi nilikuwa wa tano, namsubiri Maracha kando ya lami, pamoja na mwamuzi mzee mwenye tochi na daftari. Aliyemkabidhi Feta kijiti alikuwa amenipigia simu: tuko wa tatu, wa Koboko wako mbele sana, na wale wa Dadamu wanafuata nyuma yao.

Nikajipasha moto polepole. Nilijua kipande kile ni kirefu. Ulikuwa unarudi kutoka huko huwezi hata kutukana mbwa, ingawa ndiwe uliyewapa mbwa wa barabara ile majina ya wakubwa wote wa wilaya.

Halafu nikaona mtu anakuja. Peke yake. Wa kwanza! Feta. Uso wako kifuani mwake ulikuwa mkavu, Driciru. Hakuna jasho. Hakuna hata vumbi. Anahema, ndiyo, lakini kwa mdomo tu, tumbo limetulia kama la mtu aliyetoka kuamka. Mwamuzi alipommulika nikaona mguu wake wa kulia, ndani, juu kidogo ya soksi. Ngozi imebabuka, nyekundu, mbichi, inang'aa. Nani katika Arua hii hajui alama ile? Ni bomba la moshi la pikipiki. Alikuwa amepanda gizani kwa haraka, upande usiofaa, likamla.

Naye aliona nimeona. Akavuta soksi juu, akanipa kijiti.

"Chukua! Kimbia! Watu nakuja!"

Nilikichukua. Kisha nikakaa chini, pale pale kwenye jiwe la barabarani.

"Ayikoru! Wewe nafanya nini?"

Nikaweka kijiti magotini. Mwamuzi mzee akaja akaniinamia na tochi yake. "Mama, wewe iko mgonjwa?"

"Hapana, mzee. Nangoja watu."

"Watu gani?"

"Wale iko mbele yetu."

Akanitazama, akamtazama Feta, akafunga daftari bila kuandika kitu. Feta akaanza kunibembeleza. Alisema nifikirie timu. Alisema nikufikirie wewe, kwamba ungefurahi tukishinda. Hapo nilicheka. Sikukusudia, kilitoka tu kicheko kibaya. Ulipokuwa hai hakutaka hata uwe na namba, sasa anajua kinachokufurahisha.

Nilikaa pale mpaka wa Koboko akafika, analia kwa uchovu, akakabidhi kijiti. Nikaendelea kukaa mpaka wa Dadamu akafika naye. Ndipo nikasimama, miguu imeshaganda, nikakimbia nikiwa wa tatu, mahali petu halali.

Sijawahi kukimbia vibaya namna ile, na sijawahi kufurahia vile. Nilimkabidhi Ezati, yule muuza nyama wetu, naye akamalizia mpaka Koboko. Hatukumpita mtu.

Mimi na Feta tulifika Koboko kwa gari moja, yeye mbele, mimi nyuma. Asubuhi, watu wamejaa, akachukua kipaza sauti. Nilidhani atanyamaza. Mimi mjinga. Akasema tumekuwa wa tatu kwa sababu dada yetu Ayikoru alizidiwa na huzuni njiani kwa ajili ya marehemu, tumsamehe. Umemsikia? Akakutumia mara ya pili katika usiku mmoja.

Nikatembea mpaka mbele yake. Sikupiga kelele. Nikamwambia, "Kapteni, shusha soksi."

"Nini?"

"Ya kulia. Shusha."

Akasema mimi nimechanganyikiwa. Ni Ezati aliyeinama, mtu mkubwa vile, akaishusha soksi mwenyewe kama anayemvua mtoto. Mwenye boda mmoja aliyesimama karibu akaangua kicheko: "Hii kapteni yenu nakimbia na injini!" Uwanja mzima ukacheka. Yule mwamuzi wa Maracha akaja na daftari lake, akaeleza alichoona. Waandaaji wakatufuta. Timu nzima. Jina letu halimo kwenye orodha ya mwaka huu, wala lile lako lililokosewa.

Wengine hawanisalimii sasa. Wanasema nimewaharibia, wao walikimbia kwa miguu yao, na hapo wana haki. Feta anasema nilikuwa nautaka ukapteni. Bado anavaa fulana yako, akienda sokoni. Mimi na Ezati na wasichana wawili tunafanya mazoezi Pajulu asubuhi, wanne tu. Feta nimemdharau kwa moyo wote na sitaki kupona.

Ila kulikuwa na jambo moja bado. Jumapili nilikwenda Logiri kwa mama yako. Nilimkuta barazani anabambua karanga. Nikamwambia kwamba hukuwa unapumzika, kwamba Feta alikufukuza, na maneno aliyosema. Aliendelea kubambua. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, "Na wewe ulikuwa wapi siku hiyo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

Maganda yakawa yanaanguka, moja moja. Nilingoja anifukuze. Ningeondoka, Driciru, naapa, bila neno. Akakung'uta maganda mapajani. Mwishowe akausukuma ungo katikati yetu, nami nikaanza kubambua. Tulifanya hivyo mpaka jua likazama. Nilipoaga akasema, "Jumapili njoo mapema. Karanga bado nyingi."

Nitakwenda. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, si kombe wala fulana: Jumapili nitakuwa Logiri, na mtu akionewa mbele yangu, kiatu changu kitakaa kilivyo.

Pumzika sasa, bila kuruhusiwa na kapteni yeyote.

Ni mimi,
Ayikoru