Ugali wa Martina, Maziwa Yangu

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Nambis tuko wazima. Babu yako goti limechoka, mdomo bado. Ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Unaniuliza kama uchanganye karanga zako za kusaga na unga wa lishe wa yule mwenzako wa Dodoma, maana unaogopa atasifiwa yeye. Atasifiwa! Sasa sikia.

Nilipokuwa na umri wako nilipeleka mnadani maziwa mgando, kibuyu nimekifukiza mwenyewe mpaka yananukia moshi. Jirani yangu Martina alipeleka ugali wa mtama. Nilimwonea wivu, nikakaa mbali naye makusudi. Wanunuzi wa ng'ombe wakawa wananiuliza, "Mama, maziwa matupu tule na nini?" Kwake wanauliza mboga iko wapi. Jua limepanda, kibuyu bado kimejaa. Mara namwona Martina anakuja, sufuria kichwani.

"Sogea, dada. Ukinifukuza nakaa hapahapa."

Nikasogea, nimenuna. Tukauza vyote vikaisha. Halafu nasikia watu wanaitana, "Twendeni kwa Martina!" Kwa Martina! Ng'ombe alikamua yeye?

Wewe ungana na huyo binti. Karanga peke yake haziwi uji. Ila jina lako litangulie kwenye pakiti, usiwe mjinga. Mimi mpaka leo wakimsifu Martina roho inaniuma. Na kesho asubuhi ndiye anayenipitia twende mnadani, kibuyu nimeshakifukiza.

Bibi yako,
Mama mzaa baba yako