Damu Iliyokuwa Jichoni mwa Joan

Kosa la wazazi wengi ni kupima macho ya mtoto yote mawili kwa pamoja. Someni barua hii.

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla hatujakosana nyumbani, maana binti yangu Joan ana miaka minne, na alipozaliwa alivutwa kichwa kwa kifaa, daktari akasema damu imevuja ndani, nyuma ya jicho la kushoto, nimrudishe likaguliwe, nami kwa kuwa kwa nje halikuwa na wekundu sikurudi, sasa mwalimu wa chekechea anasema anabandika uso kwenye kitabu, mama mkwe anasema ni ile damu imeganda, tumpumzishe nyumbani asisome, na kila asubuhi anamtilia matone ya maziwa ya jirani anayenyonyesha, naye mume wangu Wesonga anasema, “Mama Joan, huyu anaona kuliko wewe,” kisha anamwonyesha vidole vitatu, Joan anasema vitatu, kwa sababu kila mara huwa ni vitatu, na juzi wifi yangu Nelima alimziba jicho la kulia wakicheza, Joan akapiga kelele, “Anti, toa mkono!” lakini akizibwa la kushoto hana neno, kwa hivyo naogopa ugonjwa umehamia la kulia. Atakuwa kipofu?
Musimbi, muuza mitumba, Kianda

Mama Joan, pole. Hakuna kilichohama. Joan alilia kwa sababu la kulia ndilo analotegemea, na likiwa wazi hujibu kwa niaba ya mwenzake. Ndiyo maana Wesonga ameridhika. Mwambie hata vidole vinne vipo.

Damu ya kuzaliwa kwa kawaida hunyonywa na mwili katika wiki chache, na watoto wengi waliokuwa nayo huona kama wenzao. Haikai miaka minne ikingoja shule. Kwa wachache, ikiziba katikati ya jicho kwa muda mrefu, ubongo huzoea kulipuuza jicho hilo. Au huenda Joan anahitaji miwani tu, na damu haihusiki. Barua haiwezi kuniambia. Mtaalamu atatia dawa ya kupanua mboni, aangalie sehemu ya nyuma ya jicho.

Ulikosea kutorudi. Usiongeze kosa kwa kumpumzisha: jicho hujifunza kuona kwa kuona. Tiba, iwe miwani au kuziba lile jicho linaloona vizuri kwa saa kadhaa, hufaa zaidi utotoni, na Joan bado ni mtoto. Maziwa ya jirani yaende kwa mtoto wa jirani. Machoni yanaweza kuleta maambukizi. Mama mkwe mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Leo, kabla hujafungua kibanda, mpeleke Joan kliniki ya macho.